Tusiseme "Ni Uzee Tu"

Bibi yangu alianza kwa kutia chumvi kwenye chai. Tukacheka, naye akacheka. Baadaye akawa anaamka alfajiri, anabeba kibuyu na kwenda kumkamua ng'ombe aliyekwisha kuuzwa miaka mingi. Tukasema ni uzee tu. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kikongwe yule "ana mambo yake". Hakuna hata mmoja wetu aliyesema tumpeleke hospitali.

Ndugu zangu, kusahau kwa namna ile ni ugonjwa, na jina lake ni demensia. Katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliutafuta ugonjwa huo. Taarifa yao ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa takriban wazee 6 kati ya 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walikuwa nao.

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma. Mkabidhi kalamu mzee ambaye maisha yake yote ameshika jembe, ataonekana mgonjwa hata kama akili yake ni nzima. Basi watafiti hao wakatunga kipimo kisichodai kisomo. Mzee hupewa njiti za kibiriti apange umbo alilooneshwa. Huulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji chake ni nani, na hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Elimu ya chuo kikuu inapaswa kuingia hivyo nyumbani kwa mzee: kwa hodi na adabu.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu bado haijapatikana, ila msaada upo. Huko huko Hai, wagonjwa walikutanishwa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki 7, vya mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wao wa kufikiri.

Tena wazee wa Hai walipopimwa presha, karibu 7 kati ya 10 walikutwa nayo, na wengi hawakuwa na habari. Presha isiyotibiwa huumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo, na hivyo huweza kuchangia demensia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mwezi huu, msindikize mzee wako akapimwe presha na sukari. Ukifika, uliza dirisha la kuwahudumia wazee liko wapi. Watafiti wenye vibali wakibisha hodi, usimfiche mzee chumbani. Waulize maswali yako yote, kisha mwachie mwenyewe aamue, maana kukubali na kukataa vyote ni haki yake. Nanyi vijana mnaosomea udaktari na uuguzi, chagueni kuwahudumia wazee. Wanawahitaji.

Bibi alifariki bila kupimwa. Zile alfajiri tulikuwa tukimrudisha ndani kwa kumkaripia. Laiti ningekuwa naye leo, ningempokea kibuyu, nikaketi naye barazani anisimulie habari za yule ng'ombe, na kukipambazuka tukashikana mkono kwenda zahanati. Wewe ambaye bibi yako bado yupo, nenda naye.