UX na UI: Mwanao anataka kusomea ipi?

Kijana akimaliza kidato cha sita na kusema anataka kusomea UX, wazazi wengi huitikia tu. Shangazi akiuliza mtoto anasomea nini, jibu huwa "mambo ya kompyuta". Kijana akisema UI, jibu ni lilelile. Kinachotofautisha ni herufi moja, lakini nyuma yake kuna kazi mbili zinazotaka watu wa tabia tofauti, na ada ya mwaka mzima inaweza kuishia kwenye kozi isiyomfaa mtoto.

UI ni kiolesura, yaani ile sehemu ya simu, kompyuta au mashine ambayo mtu anaiona na kuigusa. Msanifu wake hupanga rangi, ukubwa wa maandishi, mahali pa kukaa kitufe cha "Tuma" na ujumbe unaotokea mtu akikosea namba ya siri. UX ni uzoefu wa mtumiaji: yote anayopitia mtu tangu anapohitaji huduma hadi anapoipata, hata yanayotokea nje ya kioo cha simu. Foleni imo. Hofu imo. Kuishiwa bando katikati ya kujaza fomu nako kumo.

Mfano unaoeleweka haraka kwa mzazi unatoka hospitalini, si kwenye simu. Doug Dietz alikuwa msanifu wa mashine za hospitali katika kampuni ya GE ya Marekani. Siku moja alikwenda kuiona mashine ya MRI aliyoshiriki kuibuni, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku. Ilikuwa nzuri kwa macho, naye aliionea fahari. Kisha akaingia mtoto wa kike wa miaka kama saba, amewashika wazazi wake mikono, analia. Ikabidi aitwe mtaalamu wa dawa za usingizi. Hapo ndipo Dietz alipoambiwa kwamba hadi watoto 80 kati ya 100 waliofikishwa kwenye vipimo hivyo walilazimika kupewa dawa ya kuwatuliza, kwa sababu mashine inagonga kwa kelele, tundu lake ni jembamba, na mtoto akitikisika picha inaharibika.

Mzazi aliyewahi kusaini fomu ya mtoto kuchomwa sindano ya usingizi anajua uzito wa jambo hilo. Mtoto anakaa na njaa kwa saa kadhaa, na mama anakaa nje ya mlango akihesabu dakika.

Dietz hakuigusa mitambo ya ndani. Alikwenda kukaa na watoto wadogo kwenye kituo cha kulelea watoto, akazungumza na wataalamu wanaowahudumia watoto wagonjwa na hata wafanyakazi wa makumbusho ya watoto. Katika hospitali ya watoto ya Pittsburgh, chumba kikageuzwa kuwa meli ya maharamia, kuanzia sakafu hadi ukutani. Chumba kingine kikawa chombo cha anga, na mtoto akaambiwa asikilize kwa makini ni wakati gani chombo kinabadilisha mwendo. Kelele ileile iliyokuwa ikimliza sasa ikawa sehemu ya safari. Waliohitaji dawa ya usingizi wakapungua sana, na inasimuliwa kuwa mtoto mmoja alimuuliza mama yake kama wangeweza kurudi kesho.

Kisa hiki kikifundishwa, watu hupenda kuishia kwenye zile picha za maharamia. Picha ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni maneno ambayo wahudumu walipewa ya kumwambia mtoto, na hayo hayaonekani kwenye mashine. Rangi na michoro viko karibu na kazi ya UI. Kujua kwamba mtoto anahitaji hadithi kabla ya kulala kwenye ile meza, hiyo ni UX.

Jina lenyewe lilitokana na hitaji hilohilo. Don Norman, mtaalamu wa saikolojia aliyejiunga na Apple mwaka 1993, aliona neno kiolesura ni finyu mno. Alitaka neno litakalobeba kila kitu kinachomkuta mtumiaji, hata kitabu cha maelekezo.

Kwa upande wetu, M-Pesa inaonyesha kinyume cha ile MRI ya kwanza. Ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, sura yake ilikuwa orodha ya maandishi kwenye simu ya vitufe, haina rangi wala picha. Lakini katika majaribio yaliyoanza mwaka 2005, yaliyokuwa ya kulipia mikopo midogo, waandaaji waliona watu wanatumiana fedha wao kwa wao. Wakaisikiliza ile tabia, na huduma ikajengwa juu ya kutuma pesa nyumbani, wakala akiwa dukani karibu.

Sasa turudi kwa mtoto. Yule ambaye daftari lake limejaa michoro, anayekereka bango likiwa na herufi zisizolingana, huenda akafurahia UI. Yule anayeuliza maswali hadi wageni wanachoka, anayemtazama bibi akihangaika na simu na kutaka kujua amekwama wapi, aelekezwe UX. Huyu wa pili si lazima ajue kuchora. Saikolojia, sosholojia, hata uuguzi ni mlango mzuri wa kuingilia.

Kozi za wiki chache zinazotangazwa mitandaoni nyingi hufundisha programu ya Figma na kuishia hapo. Hiyo ni zana nzuri ya kuchorea, ila haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa UX. Kabla ya kulipa, mzazi aulize swali moja: je, mwanafunzi atatoka nje kuzungumza na watumiaji na kuwatazama wakitumia alichobuni? Mwalimu akianza kuzungukazunguka, jibu limeshapatikana.

Na tangazo la kazi likiandika "UI/UX" kwa pamoja, mara nyingi mwajiri anatafuta mtu mmoja wa kufanya kazi zote mbili kwa mshahara mmoja. Ofisi ndogo nyingi ziko hivyo, na ni vyema kijana akalijua hilo kabla hajaingia kwenye usaili.