MOTOKAA YENYE NGUVU NA KLACHI ILIYOCHOKA

Majuma machache yaliyopita palitokea mabishano makubwa katika bweni letu baada ya chakula cha usiku. Neno lenyewe lilikuwa hili: motokaa ikiongezwa nguvu ya injini, kisha klachi ikaanza kuteleza, mwenye kosa ni nani? Wengi walisema kosa ni la klachi, ati ni dhaifu, ati walioiunda walikuwa wabahili. Mimi nilisema kosa ni la mwenye motokaa. Nilipigiwa kelele hata mwalimu wa zamu akaja kutuzimia taa. Kwa kuwa sikupata nafasi ya kumaliza maneno yangu usiku ule, namwomba Bwana Mhariri aniruhusu niyamalize hapa.

Wasomaji wasidhani kwamba hili ni jambo la mchezo wa vijana tu. Barabara kuu ya M1 itokayo Lilongwe hupita Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege wa Kamuzu, ikaendelea Mponela na Kasungu. Ukisimama hapo asubuhi moja utaona motokaa nyingi zilizokwisha kutumika Japani. Nyingine zilishushwa bandarini Dar es Salaam zikaja kwa barabara mpaka Songwe, na baadhi yake zina turbo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, na petroli ikazidi nayo, nguvu huzidi. Siku hizi wako mafundi ambao kwa saa chache tu huifanya turbo isukume hewa kuliko ilivyopangwa kiwandani. Mwenye motokaa hufurahi, hulipa, hupiga honi, huenda zake. Klachi hakuna aliyeiuliza.

Basi na tuitazame hiyo klachi. Nyuma ya injini liko gurudumu zito la chuma, mafundi huliita flaiwili. Mbele ya giaboksi iko sahani nyembamba yenye ngozi ngumu pande zote mbili, nayo ndiyo klachi pleti. Nyuma ya sahani hiyo iko presha pleti, yenye springi kali inayoibana sahani juu ya flaiwili. Ukiacha pedali, sahani hubanwa na nguvu ya injini hupita kwenda magurudumuni. Ukikanyaga pedali, sahani huachiliwa na injini huzunguka peke yake. Hapana msumari wala meno yanayoishika sahani ile. Inashikwa na msuguano tu, kama mtu anavyoshika sahani ya chakula katikati ya viganja viwili.

Waliosoma fizikia wanaweza kupiga hesabu pamoja nami. Tuseme springi inabana kwa nyutoni 5,000, kadiri ya msuguano ni 0.3, na wastani wa nusu kipenyo cha sahani ni mita 0.1. Nyuso za msuguano ni mbili. Zidisha zote, utapata nyutoni-mita 300. Huo ndio mwisho wa uwezo wa klachi yetu ya mfano. Injini ikitoa 250, klachi hushika bila kulalamika, na akiba ya 50 imebaki. Sasa fundi ameongeza hewa, injini inatoa 390. Ile 90 iliyozidi itapita wapi? Haina njia. Sahani lazima iteleze. Haikuharibika wala haikuwa mbovu. Imeambiwa ibebe mzigo ambao si wake.

Tena sahani inayoteleza hujichoma yenyewe. Kama klachi ile ya 300 inateleza huku injini ikiitangulia sahani kwa mizunguko 480 hivi kwa dakika, joto linalotoka ni kama wati 15,000. Ni zaidi ya birika saba za umeme za wati 2,000 zikichemka kwa pamoja ndani ya chombo kilichofungwa. Ngozi ya sahani huungua na kung'aa kama kioo, na kadiri ya msuguano hushuka. Msuguano ukishuka, sahani huteleza zaidi. Ikiteleza zaidi, joto huongezeka. Ndiyo maana klachi iliyoanza kuteleza kidogo mwezi huu haiwezi kupona yenyewe mwezi ujao.

Nimeyajua haya kwa njia isiyopendeza. Mjomba wangu, anayekaa nasi Dzaleka, alinunua motokaa ya turbo iliyokwisha kutumika. Kijana mmoja wa mjini alimwongezea nguvu. Kwa majuma mawili mjomba alikuwa mtu wa furaha kuliko wote. Juma la tatu tulikuwa tukipanda kwenda Dedza, naye akataka kulipita lori lililopakia mbao. Alitoka upande wa kulia, akakanyaga mafuta. Injini ililia kwa sauti kubwa, mshale wa mizunguko ukaruka juu, lakini mshale wa mwendo haukusogea. Mbele yetu basi lilikuwa likiteremka.

Nikasema, "Mjomba, mbona injini inalia na motokaa haiendi?"

Akajibu, "Nyamaza kwanza, mpwa wangu."

Akaacha mafuta, akashika breki, tukarudi nyuma ya lori. Basi likapita likipiga honi. Ndani ya motokaa palinuka kama kitambaa cha sufi kilichoanguka motoni. Hapana aliyesema neno mpaka Dedza.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wenzangu wa bwenini hawaifikiri. Klachi ya namna hii haikusumbui unapoondoka polepole sokoni, wala unapokwenda tambarare. Inakukimbia pale pale unapotaka nguvu yote: gia ya juu, mlimani, unapopita mwenzako. Inakuahidi kisha inakuacha njiani.

Tuliporudi, mjomba alipata mashauri matatu. La kwanza lilitoka kwa dereva mmoja, naye alisema amwagie soda ndani ya nyumba ya klachi ili sukari iigandishe sahani. Dawa hiyo huenda ikashika kwa safari moja, lakini huacha utando unaoweza kuifanya sahani igande au ishike kwa kuruka. Naiita dawa ya kuuzia, si dawa ya kuponya.

Shauri la pili lilitoka kwa rafiki yake. "Iuze upesi," alisema, "mwache aijaribu hapa tambarare, hatajua." Na mnunuzi alikuwako, mtu wa kanisani kwetu, aliyekuwa amekusanya akiba yake muda mrefu ili aanze kazi ya teksi. Sitaki kumhukumu mjomba. Fedha ya motokaa ile ndiyo iliyokuwa ilipe ada yangu ya muhula, na mimi mwenyewe usiku ule nilitamani anyamaze. Lakini tuliliona basi la Dedza sote wawili. Asubuhi mnunuzi alipofika, mjomba alimwambia, "Ndugu, motokaa hii inateleza klachi. Nisingependa uambiwe na mlima." Yule bwana alishukuru, akaenda zake na fedha zake. Mimi nilirudi shuleni nimechelewa majuma matatu. Ninaandika haya nikiwa bado naazima madaftari kwa wenzangu, wala sijutii.

Shauri la tatu lilitoka kwa fundi mzee Mkongomani, ambaye klachi yeye huiita ambreyaji. Huyu hakuanza kwa kufungua giaboksi. Alianza kwa kuuliza, na maswali yake nayaandika hapa kwa faida ya kila mwenye motokaa au atakayekuwa nayo.

Kwanza alitazama pedali. Pedali ikiwa haina nafasi ya kucheza hata kidogo juu, au waya wake umekazwa mno, au mafuta ya klachi hayarudi vizuri katika mfereji wake, klachi huwa kama imekanyagwa nusu saa zote. Hapo itateleza ijapokuwa sahani ni mpya, na dawa yake ni kurekebisha tu.

Pili alitafuta oili. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, oili hufika kwenye sahani. Rudieni hesabu yetu: kadiri ya msuguano ikishuka kutoka 0.3 mpaka 0.15, klachi ya 300 inakuwa klachi ya 150. Ukibadili sahani ukaiacha sili inavuja, umetupa fedha.

Tatu alifanya jaribio. Mahali tambarare pasipo watu mbele wala nyuma, alivuta breki ya mkono, akakanyaga na breki ya mguu, akatia gia ya tatu, akaongeza mafuta kidogo, akaachilia klachi polepole. Klachi nzima huizima injini mara moja. Ya mjomba haikuizima. Injini iliendelea kuzunguka kana kwamba haikuambiwa neno. Jaribio hili hufanywa mara moja tu, maana kila ukilirudia unazidi kuichoma.

Nne aliuliza, "Nani aliongeza hewa?" Mjomba akakiri. Mzee akasema hewa irudishwe kama ilivyokuwa kabla ya jambo jingine lolote. Hili ndilo lililokuwa gumu kwa mjomba kuliko gharama. Mtu akisha kuonja mwendo, kumwambia aurudishe ni kama kumnyang'anya mtoto muwa.

Iko njia nyingine kwa atakaye kubaki na nguvu ile, nami sitaificha. Aweza kutia presha pleti yenye springi kali zaidi, lakini pedali itakuwa nzito, na kila akikanyaga ataisukuma shafti ya injini kwa nguvu zaidi mpaka beringi zake zichoke. Aweza kutia sahani yenye vipande vya shaba iliyoshindiliwa au vya kauri, ambavyo hushika sana na kuvumilia joto, lakini hushika kwa ghafula, motokaa ikaruka kama chura katika foleni ya mjini. Aweza kutia sahani mbili badala ya moja, na hiyo ni gharama ya watu wa mashindano. Kila moja ina bei yake, nayo bei si fedha peke yake.

Na atakayeamua kubadili, abadili kwa ukamilifu. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi. Ikisha kushushwa, ni upumbavu kutia sahani mpya na kuacha presha pleti iliyochoka na beringi inayolia. Flaiwili itazamwe, ikiwa ina madoa ya buluu au nyufa, joto limekwisha kuila, nayo ichongwe au ibadilishwe. Kisha sahani mpya iendeshwe kwa upole kilomita mia kadhaa za kwanza, ipate kulala vizuri juu ya chuma. Na dereva asipumzishe mguu juu ya pedali, wala asiishikilie motokaa mlimani kwa klachi badala ya breki.

Wenzangu wa bwenini watasema, "Mbona madereva wa Safari Rally huongeza nguvu?" Ni kweli, huongeza. Lakini fundi wao haongezi kitu kimoja akaviacha vingine. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka katika mashindano yale na 7 tu zikafika. Mwaka 1968 zikafika 7 tena. Mara zote mbili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, motokaa ya familia ambayo watu wengi Afrika ya Mashariki waliitumia kwa kazi za kila siku. Ushindi wao ulitokana na kufika, na kufika huhitaji kila kiungo kitimize kazi yake.

Mafundisho yangu basi ni haya. Kabla ya kuongeza nguvu, uliza kila kiungo kitakachoibeba nguvu hiyo: klachi, giaboksi, breki, matairi. Ikiwa huna fedha ya kuviimarisha vyote, huna fedha ya kuongeza nguvu. Na klachi ikianza kuteleza, usiifiche, wala kwa soda wala kwa kunyamaza. Wazee walisema kamba hukatikia pembamba. Anayeivuta kamba akijua ni wapi palipo pembamba, kisha akampa mwenzake ashike upande huo, huyo hana haki ya kuilaumu kamba.

Motokaa ya mjomba sasa ina klachi mpya na hewa ya kiwandani. Hailipiti kila lori. Lakini mjomba akikanyaga mafuta, inakwenda.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne