Wadudu gani, kaka?

Wadau, mtanisamehe kwa kimya, gazeti limenibana. Wikiendi nilikuwa Paje na nimerudi na ugomvi. Mhariri wangu atasema si habari, kwa hiyo naumwaga hapa.

Kwenye kiwanja cha nyumba moja ya wageni nilikuta vidaka na vitale vimetapakaa chini ya minazi, vingine vinatoa utomvu. Kijana yuko juu ya ngazi anavunja viota vya maji moto, maana wanawauma wageni. Chini, mwenzake kabeba bomba la dawa.

"Dawa ya nini?"

"Ya wadudu."

"Wadudu gani?"

Akanitazama kama mwehu. "Wadudu, kaka!"

Jamani! Sisi watu wa pwani tunda hili tunalitaja hatua kwa hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Lakini anayeliangusha na anayelilinda, wote kwetu ni wadudu tu.

Anayeangusha anajulikana zamani. M. J. Way alimchunguza hapa hapa Zanzibar, na mwaka 1953 akaandika juu yake akimweka kwenye jenasi ya Theraptus. Mwaka 1955 E. S. Brown akamkagua upya, akaona si wa humo. Akamfungulia jenasi yake, Pseudotheraptus, yaani Theraptus wa uongo, na kumwita wayi kwa heshima ya Way. Ni wa kahawia, urefu wake unazidi sentimita moja kidogo tu. Anafyonza tunda changa, na mate yake ni sumu. Wachache wanatosha kuumaliza mnazi, ndiyo maana ukitafuta kundi humwoni.

Mtasema Kilatini cha nini? Subirini. Way aliwatenganisha na chungu pia. Akaona penye maji moto wengi, mdudu huyu hastawi. Adui wa maji moto ni sisimizi wadogo wa ardhini, Pheidole megacephala, wanaowafukuza mnazini. Baadaye watafiti wa minazi wa Mikocheni, Dar es Salaam, nao walihangaika kuwarudisha maji moto mashambani.

Sasa yule kijana wa ngazi alikuwa anavunja nini? Kambi ya walinzi! Na dawa ya "wadudu" haichagui.

Nilimwonesha kidaka chenye makovu, nikamweleza. Akasikiliza vizuri tu. "Sawa kaka, lakini bosi kasema."

Aliacha viota vya mnazi mmoja, ule wa nyuma ya jiko ambako wageni hawafiki. Mingine yote ikapigwa dawa.