Mkataba wa mali kabla ya ndoa si dhambi, hila ndiyo dhambi

Mchumba akitaja mkataba wa mali kabla ya harusi, wengi wetu kanisani hushtuka. Husemwa kwamba anapanga talaka hata kabla ya kuvishwa pete, na kwamba anayependa kwa dhati hahesabu.

Mpendwa msomaji, Maandiko hayafundishi hivyo. Katika Luka 14:28, Bwana Yesu anamtaja mtu anayeketi kwanza kupiga hesabu ya gharama kabla ya kujenga mnara, wala hamlaumu kwa kukosa imani. Na katika kitabu cha Tobiti, sura ya 7, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, Ragueli anamwoza Tobia binti yake Sara, anaandika hati ya ndoa, ndipo wanaketi kula. Baraka na hati vilikwenda pamoja.

Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, kifungu cha 6(3), inawaruhusu wachumba kukubaliana kuhusu haki zao za mali kabla ya kuoana. Chukua mfano wa mjane anayeolewa tena. Shamba alilochuma na marehemu mumewe ndilo tegemeo la watoto wake. Akikubaliana na mchumba wake kwa maandishi kwamba shamba hilo halitaingizwa katika mali ya ndoa mpya, amemkosea nani? Amewatunza yatima, jambo ambalo Yakobo 1:27 inalihesabu kuwa dini iliyo safi. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, ipo mikataba ambayo kanisa halifai kuifumbia macho. Kifungu cha 6(4) kinaipa mahakama uwezo wa kutupilia mbali mkataba uliotokana na ulaghai au kulazimishwa, au wenye dhuluma ya wazi. Bwana arusi anayeficha ploti na mikopo yake ni mlaghai. Anayemletea mwenzake karatasi atie sahihi siku mbili kabla ya harusi, wageni wakiwa wamealikwa na mahari imepokewa, anamlazimisha hata asipopaza sauti. Na anayeandika kwamba mke ataondoka mikono mitupu, hata akilea watoto kwa miaka 20, anadhulumu.

Sheria hiyo inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Lakini mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanandoa wakiachana, mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja hupata kulingana na mchango anaothibitisha. Kwa hiyo mkataba wa haki, unaotaja mapema thamani ya kazi isiyo na mshahara, unaweza kumlinda mke kuliko kunyamaza.

Wachumba wanaotaka kuuandika watajiane mali na madeni yote. Kila mmoja awe na wakili wake. Uandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa, na utiwe sahihi mapema, mbele ya mashahidi, miezi kadhaa kabla ya harusi.

Kwenu wachungaji na mapadri, msiliache jambo hili kwa mawakili peke yao. Katika mafunzo ya ndoa, waulizeni wachumba kila mmoja anamiliki nini, anadaiwa nini, na ni nani wanaomtegemea. Wakishindwa kujibu mbele ya wenzao, tarehe ya harusi inaweza kusogezwa. Kamati italalamika na mwenye tenti atadai pesa zake, lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kuapa mbele za Mungu huku umeficha hatimiliki kabatini.