Cheo cha mhandisi kipimwe kwa kazi aliyothubutu kuisimamisha

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa karibu na makutano ya mitaa ya Mchikichi na Congo, Kariakoo, liliporomoka maduka yakiwa wazi na watu wakiwa ndani. Watu wapatao 30 walipoteza maisha, na kazi ya kuwatoa wengine kwenye kifusi ilichukua siku kadhaa. Wafanyabiashara wa jirani waliviambia vyombo vya habari kwamba chini ya jengo hilo kulikuwa na kazi ya kupanua nafasi ya biashara. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na baadaye wamiliki walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Nani ana hatia ni suala la mahakama. Lakini taaluma ya uhandisi ina swali lake, ambalo halina haja ya kungoja hukumu: katika jiji lenye vyuo vya uhandisi, bodi ya usajili na wahandisi wa kila daraja, mbona ni nadra kusikia kazi iliyosimamishwa kabla jengo halijaanguka? Jibu langu ni kwamba tumewazoesha wahandisi wetu kupima maendeleo yao kwa kipimo kisicho chao. Mhandisi amekua pale anapoweza kusema kazi isimame, akasikilizwa, na kazi ikasimama kweli. Bila uwezo huo, cheo chake ni cha kwenye barua tu.

Ngazi rasmi ya kupanda inajulikana. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, kijana anayetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iliyo mwendo mfupi tu wa miguu kutoka Kariakoo, huanza akiwa mhandisi mhitimu. Baada ya miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi, ambayo wengi huipitia kwa SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003, anaweza kuomba daraja la mhandisi mtaalamu, na akizidi kupata uzoefu, la mhandisi mshauri. Hakuna ubaya hapo. Ila pembeni yake ipo ngazi nyingine isiyoandikwa popote: kutoka saiti kwenda ofisini, kutoka kwenye michoro kwenda vikaoni, kutoka kuitwa "injinia" na mafundi hadi kuitwa "mkurugenzi" na wenye tenda. Katika wasifu wa kuombea kazi, mtu huorodhesha ghorofa alizosimamia na thamani ya mikataba. Huoni mahali alipoandika kwamba mwaka fulani alikataa zege lisimwagwe kwa sababu nondo zilikuwa pungufu. Mwajiri haulizi, na mwombaji anahofia kwamba akilitaja ataonekana mkorofi.

Kariakoo inaonyesha kwa nini kipimo hicho hakitoshi. Viwanja vyake vilipimwa kwa ajili ya nyumba za chini za Kiswahili, na leo juu ya viwanja vilevile vidogo yamesimama maghorofa yanayokaribia kugusana ukuta kwa ukuta. Thamani yote iko chini, kwenye fremu za mtaani, ambako mteja kutoka Mbeya, Lubumbashi au Lilongwe anaingia bila kupanda ngazi. Fremu moja zaidi ni kodi ya miaka mingi, na kabla ya kodi kuna kilemba. Kwa hiyo kila shinikizo la biashara linaelekea mahali pasipotakiwa kuguswa: kuvunja ukuta ili duka lipanuke, kupunguza nguzo inayoziba njia, kuchimba pembeni ya msingi, kuongeza ghorofa ambayo michoro ya kwanza haikuihesabia uzito. Udongo ukiondolewa kando ya msingi, nguzo hupoteza kitu cha kuegemea. Na kwa kuwa jengo la jirani liko karibu mno, kosa la kiwanja kimoja ni hatari ya mtaa mzima. Hata haraka ina hesabu zake. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa likifikisha siku 28, na anayetoa mirunda mapema kwa sababu mpangaji ameshalipa anabeti na maisha ya watu. Katika mazingira haya, karibu kila siku ya kazi inadai mtu wa kusema hapana kwa mwenye fedha. Anayejua hesabu bila kuwa na ubavu wa kuzitetea hamsaidii mtu.

Kwamba cheo chenyewe kinaweza kumpokonya mtu ubavu huo, historia imeshatuonyesha. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol nchini Marekani walishauri chombo cha anga Challenger kisirushwe, kwa kuwa baridi ingeweza kuharibu utendaji wa mpira unaoziba maungio ya roketi. Mkuu wao wa uhandisi, Bob Lund, alikubaliana nao mwanzoni. Kisha bosi wake akamtaka avue kofia ya uhandisi na kuvaa ya utawala. Akabadili msimamo. Kesho yake chombo kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 waliokuwamo walikufa. Lund alikuwa amefika juu kabisa katika njia ya taaluma yake. Ujuzi hakuukosa, na ushauri wa walio chini yake alikuwa nao mezani. Ila kupanda kwake kulimfikisha kwenye kiti ambacho ujuzi ulihesabiwa kama vazi la kuvuliwa kikao kinapokuwa kigumu. Hapa kwetu kofia hizo hubadilishwa bila kamera na bila tume: mkurugenzi wa kampuni ya ushauri anapokea simu ya mteja, halafu anampigia kijana wake aliye saiti na kumwambia asiwe mgumu. Somo la kwanza la uongozi kwa mhandisi, basi, ni kwamba kupandishwa cheo hakumtoi kwenye uhandisi. Kunamwongezea watu wa kuwajibika kwao.

Somo la pili linahusu masikio. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwenye ujenzi mara nyingi mkuu ndiye asiyesikia, na miguu inayovunjika ni ya wengine. Mwaka 1907, daraja la Quebec nchini Kanada lilikuwa likijengwa chini ya mhandisi mshauri mashuhuri, Theodore Cooper, ambaye alilisimamia akiwa New York. Mhandisi kijana aliyekuwa saiti, Norman McLure, aliona vyuma vikuu vimeanza kupinda. Hakuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi, ikabidi asafiri hadi New York kumweleza mkubwa wake. Cooper alimwelewa na kutuma telegramu kwamba uzito usiongezwe, lakini jioni ya Agosti 29, kabla amri haijafanyiwa kazi, daraja lilianguka na kuua watu 75. Wa kwanza kuona ufa hapa Dar es Salaam ni saidia fundi, mlinzi, au mwenye duka anayeona mlango wake umeanza kugoma kufunga. Kiongozi wa wahandisi ni yule aliyewajengea watu hao njia fupi ya kumfikia na ambaye hakuwahi kumdhalilisha aliyetoa taarifa ikaonekana si kitu. Aliyezoea kufoka saiti atapata heshima ya mbele ya macho, na habari mbaya zitamfikia zikiwa zimeshakuwa msiba.

Kusimamisha kazi pia kuna ufundi wake, na ufundi huo unafundishika. Injinia anayemwambia tajiri kwamba kipengele fulani cha viwango kimekiukwa atasikilizwa kwa adabu na kupuuzwa. Anayemwambia kwamba nguzo hii ikikatwa ghorofa zote za juu zinakosa mhimili, kwamba kuiimarisha kutagharimu kiasi hiki na kuchukua wiki kadhaa, na kwamba ipo namna nyingine ya kupata fremu mbili badala ya tatu bila kugusa nguzo, amempa mwenye mali kitu cha kuamua. Baada ya maneno hufuata maandishi: maelekezo kwenye daftari la saiti yenye tarehe, barua kwa mmiliki, nakala kwa mkandarasi, na ikibidi taarifa kwa Halmashauri ya Jiji na kwa Bodi. Mdomo husahaulika, karatasi hubaki. Vyuo vyetu hufundisha mkunjo wa boriti kwa mihula mingi, lakini mazungumzo ya aina hii, ambayo huamua kama boriti hiyo itajengwa ilivyochorwa, kijana huachiwa ayaokote mwenyewe.

Wapo watakaosema huu ni ushauri wa mtu asiyelipa kodi ya nyumba. Injinia kijana akikataa, unga utamwagika, na mwingine atapatikana wa kugonga muhuri kabla jua halijazama. Hoja hii ni nzito, na kwa mtu mmoja mmoja haijibiki kwa mahubiri ya ujasiri. Inajibika kwa mambo mawili. Kwanza, hesabu ya hatari haiko upande mmoja. Jengo lililoporomoka katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 29, 2013, na kuua watu zaidi ya 30, liliwafikisha wahandisi pia mahakamani. Kazi iliyopotea inaweza kutafutwa tena. Jina likishafutwa kwenye daftari la Bodi, au mtu akishasimama kizimbani kwa vifo vya wenzake, kurudi ni kugumu. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, mzigo huu haukupaswa kubebwa na mdogo. Kama mhandisi mshauri, ambaye jina lake linaleta tenda, ndiye anayetia saini ya kusimamisha, mteja hana wa kumfukuza kirahisi. Cheo kikubwa kina maana hasa pale kinapomkinga mwenye cheo kidogo. Kampuni ambayo kijana wake anapoteza kazi kwa kusema kweli ina tatizo la uongozi, hata kama vitabu vyake vya hesabu vinapendeza.

Pingamizi la pili ni kwamba lawama zinaelekezwa kusiko. Marekebisho mengi ya majengo hufanywa bila mhandisi kabisa. Mwenye jengo huita fundi, na mambo hufanyika usiku au sikukuu. Ni kweli, na hapo wanaohusika ni wamiliki, halmashauri na vyombo vya ukaguzi. Lakini taaluma ijiulize kwa nini mwenye jengo anaona mhandisi hana la kumwongezea. Kwa sehemu ni kwa sababu tumemuuzia muhuri. Amezoea kwamba mhandisi huja wakati wa kutafuta kibali, hulipwa, hugonga, na haonekani tena. Aliyenunua muhuri mara moja haoni sababu ya kuununua tena anapotaka kuchimba chini. Angekuwa amenunua uamuzi wa mtu, mtu aliyewahi kumwonyesha hatari na kumwokolea fedha, angempigia simu kabla ya sururu ya kwanza. Mhandisi anayefuatilia majengo yake miaka kadhaa baada ya kukabidhi, na anayejulikana kwa wenye maduka kama anavyojulikana kwa wenye tenda, anajenga sokoni imani ambayo kanuni peke yake haziwezi kuileta.

Wafanyabiashara nao watauliza kama jiji linaweza kumudu wahandisi wagumu, kwa kuwa kila siku ya kusimama ni hasara. Hasara ipo. Ila hasara ya kusimama huhesabiwa kwa siku na humwangukia aliyeitafuta faida. Jengo likianguka, mtaa mzima hufungwa, mali za wapangaji huzikwa pamoja na wenyewe, na ukaguzi huwafikia hata waliojenga kwa uaminifu. Mwenye duka Mtaa wa Congo ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kutaka injinia asiyetikisika upande wa pili wa ukuta wake.

Yapo mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Anayemsaili mhandisi kwa nafasi ya juu amtake aeleze kazi aliyoisimamisha, alimwambia nini mwenye fedha, na mwisho wake ulikuwaje. Asiye na jibu baada ya miaka kumi saiti ana la kufafanua. Wanaosimamia wahitimu wa SEAP wawapeleke kwenye kikao kigumu na mteja, wasiishie kuwaonyesha nondo. Kila kampuni iandike kwenye mkataba kwamba mhandisi wake wa saiti ana mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo pale uhai wa watu unapohusika, na mkubwa wake awe wa kwanza kumtetea. Wahandisi wetu hula kiapo katika Siku ya Wahandisi, mbele ya viongozi wa nchi. Taaluma inayoapa hadharani ianze pia kuwataja hadharani waliokitimiza kiapo hicho kwa hasara yao, kama inavyowatuza waliofaulu mitihani. Vijana hukimbilia kile wanachoona kinaheshimiwa, na kwa sasa wanaona magari ya wakurugenzi.