Magoti, makala na hesabu ya nukuu

Katika barabara ya Huanshi Zhonglu mjini Guangzhou, kusini mwa China, lipo jengo la Tianxiu, ambalo tangu mwanzoni mwa karne hii wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kinshasa walilifahamu kuliko chuo au hospitali yoyote ya jiji hilo. Humo walinunua nguo, nywele bandia na simu za kupeleka Afrika. Lakini jiji hilohilo husafirisha bidhaa nyingine isiyopita forodhani, nayo ni makala za kitaaluma.

Ng'ambo ya Mto Pearl ipo Hospitali ya Zhujiang ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Kusini. Huko ndiko anakohusishwa Profesa Changhai Ding, aliyepata pia kufanya utafiti kwa miaka mingi huko Tasmania, Australia. Somo lake ni osteoathraitisi, maradhi ambayo wengi wetu huyaita kusagika kwa magoti: gegedu linalokinga ncha za mifupa hulika, na kiungo huuma na kukakamaa. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa watu milioni 595 walikuwa nayo mwaka 2020.

Mwaka 2016 Profesa Ding na wenzake walichapisha katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, JAMA, jaribio lililowahusisha wagonjwa 413 kwa miaka miwili. Baadhi walipewa vitamini D, wengine vidonge visivyo na dawa. Vitamini hiyo haikupunguza maumivu ya goti wala kuzuia gegedu kupungua. Kwa mgonjwa wa Temeke au Kisumu anayetoa fedha yake ya mboga kununua vidonge vya aina hiyo, jibu la "hapana" lina thamani kubwa. Thamani hiyo, hata hivyo, haiingii katika hesabu ya nukuu.

Hesabu hiyo ina historia yake. Mmarekani Eugene Garfield alitoa faharasa yake ya nukuu za sayansi mwaka 1964, akikusudia kuwasaidia wasomaji kufuatilia wazo linavyosafiri kutoka makala moja hadi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni kipimo cha mtu mmoja mmoja: mwenye kipimo cha 40 ana makala 40, na kila moja imenukuliwa walau mara 40. Chombo cha maktaba kikageuka mizani ya kupandishia watu vyeo.

Tazama makala ya Kellgren na Lawrence ya mwaka 1957. Iligawa picha za eksirei za viungo katika daraja tano, kuanzia sifuri hadi nne, na mpaka leo inanukuliwa mno. Inanukuliwa kwa sababu apimaye goti hana budi kuitaja, kama fundi seremala anavyotaja futi. Nayo madaktari wanajua udhaifu wake: yupo mwenye picha mbaya asiyelalamika, na yupo mwenye picha nzuri asiyeweza kupanda ngazi.

China iliisadiki mizani hiyo kuliko wengi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mwaka uliotangulia vyuo vya huko viliahidi wastani wa karibu dola 44,000 kwa makala moja katika Nature au Science. Februari 2020 serikali mjini Beijing ikaagiza malipo ya namna hiyo yakome na idadi ya makala isiwe kigezo kikuu. Madhara yalikuwa yameshaenea: mwaka 2023 majarida ya Hindawi yalifuta makala zaidi ya 8,000, nyingi zikiwa na waandishi walioko China.

Tanzania ilianza pale China ilipoachia. Mwaka 2022 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kutengwa kwa shilingi bilioni moja ili mtafiti atakayechapisha katika jarida la hadhi ya juu duniani apewe shilingi milioni 50. Nia ni njema, na sioni ubaya wa msomi kulipwa. Tatizo ni kwamba anayeamua nani alipwe si Dodoma, bali mhariri wa London au New York, ambaye magoti ya wabeba ndoo hayamshughulishi sana.

Watafiti waliochambua maradhi ya viungo barani Afrika mwaka 2015 walipata tafiti 27 tu za kutumia. Daktari wa Muhimbili atakayetaka kuziba pengo hilo ana matumaini zaidi ya kupokelewa na East African Orthopaedic Journal la Nairobi kuliko na Lancet, na tuzo ile haikuundwa kwa ajili ya jarida la Nairobi. Mwanamke anayepanda milima ya Lushoto na maji kichwani bado anapimwa kwa daraja za mwaka 1957, na atakayechunguza kama zinamfaa ataandika bila milioni 50.