Tujikinge na korona, tusimtenge mgonjwa



Korona ilipoingia nchini mwezi Machi mwaka wa 2020, kamati yetu ya msikiti ilisimamisha ziara za wagonjwa. Tulisema ni tahadhari, na hakika tahadhari ina asili katika dini yetu. Sayyidna Umar (RA) alipopata habari ya tauni akiwa njiani kuelekea Sham, alirejea na watu wake. Alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine.

Hata hivyo, wiki iliyopita tulibaini kosa letu. Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliye katika matibabu ya saratani ya matiti, alikuwa hajakaa na jirani yeyote kwa miezi miwili. Chakula kiliwekwa mlangoni, aliyekileta akaondoka. Naye, kwa khofu ya msongamano wa daladala, alikuwa ameacha kwenda kliniki mara mbili bila kumjulisha mwanawe. Tulipompigia simu alituambia kuwa korona haijamfikia, ila yeye amekwishazikwa angali hai. Tuliinamisha vichwa.

Ndugu msomaji, khofu ya mgonjwa huyu si ya bure. Dawa nyingi za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili dhidi ya maambukizi. Lakini kuacha matibabu nako ni hatari, kwani saratani haingoji korona ipite. Mgonjwa amebanwa baina ya khofu mbili, na sisi tumemwongezea ya tatu, nayo ni upweke. Wapo pia waliotoka mikoani kuja Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi, ambayo huweza kuchukua wiki kadhaa, wakawa mbali na watu wao.

Wengine humnyamazisha mgonjwa kwa kumwambia kuwa kulia ni upungufu wa imani. Nabii Yaaqub (AS) alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na bado Qur'ani inatufunza subira kwa mfano wake. Basi tumwache mgonjwa aseme yaliyo moyoni, nasi tusikilize kabla ya kuwaidhi.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya nduguye. Haki hiyo haikufutwa na korona. Kilichobadilika ni namna ya kuitekeleza. Apigiwe simu na mtu mmoja anayemzoea, kwa saa inayojulikana, ili awe na jambo la kulitarajia. Anayeweza kumfikia na aketi barazani, penye hewa, kwa masafa, akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono. Mwenye mafua au homa asiende kabisa. Familia iwasiliane na kliniki kabla ya kuahirisha miadi yoyote. Na mgonjwa akikosa usingizi siku nyingi, akikataa chakula, au akisema hatamani tena kuishi, daktari wake aelezwe mara moja, kwani maumivu ya moyo nayo yana tiba.

Kamati yetu imeandika upya orodha ya wagonjwa na kugawana majina. Kwa yule mama tumetafuta gari la muumini mmoja ili asipande daladala, na binti wa jirani humpigia simu kila siku baada ya Alasiri. Juzi amekwenda kliniki. Hatudai kuwa huzuni yake imekwisha. Tunasema tu kwamba sasa haibebi peke yake.

Kabla gazeti hili hujalikunja, mkumbuke mgonjwa mmoja umjuaye, umpigie leo.

Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu, na atusamehe tulipowasahau. Amin.